Muhula wa Ziada Hulipiwa Kasulu na Kibondo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nakala kwa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha.

Barua hii inahusu swali ambalo katika miji mikuu ya kanda hii huhesabiwa kuwa ni la ndani ya kila nchi, nalo ni kama kiongozi aliyekaa madarakani muda mrefu, aliyekwisha kuzeeka au kumaliza mihula aliyowekewa na katiba, anafaa kuomba kura tena. Katika nyanda za juu za Kigoma, hasa wilaya za Kasulu na Kibondo, swali hilo halijawahi kuwa la nchi moja. Kwa takriban miaka 30 wilaya hizi mbili zimepokea watu waliokimbia machafuko yaliyotokana, kwa kiasi kikubwa au kidogo, na viongozi wa nchi jirani walioshindwa kuondoka ulipofika wakati wa kuondoka. Na kwa sababu hiyo watu wa vijiji vya huko kama Makere, Kumhasha na Mabamba wana haki ya kusikilizwa katika mjadala ambao hawana kura ndani yake.

Kambi ya Nyarugusu, iliyoko wilayani Kasulu, ilianzishwa Novemba 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakitokea Kivu ya Kusini. Mwezi huo Mobutu Sese Seko, Rais wa Zaire, yaani Kongo ya leo, alikuwa anatimiza miaka 31 madarakani. Muhula wake wa mwisho wa kisheria ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1991 bila uchaguzi kufanyika, ingawa Aprili 1990 alikuwa ametangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Na Uvira, mji wa Kivu hiyo ya Kusini, ilipoanguka mikononi mwa waasi, Oktoba 1996, yeye alikuwa Ulaya akitibiwa saratani ya tezi dume, baada ya upasuaji aliofanyiwa Lausanne, Uswisi, mwezi Agosti. Vita ile ilikuwa na vyanzo vingi, na si haki kumtwika mtu mmoja vyote, kwa maana mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, makambi ya mashariki mwa Zaire yaliyojaa watu wenye silaha, na mgogoro wa uraia wa Banyamulenge, vyote vilichangia. Hata hivyo, dola ambayo kwa miaka 31 ilizuiwa kupata mrithi ilijikuta haina wa kuamua siku mwenye kuamua alipolazwa hospitali. Mobutu aliikimbia Kinshasa Mei 1997, akafariki Rabat, Moroko, mwezi Septemba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 66. Nyarugusu ilibaki. Watoto waliozaliwa humo katika miezi yake ya kwanza wamekuwa watu wazima, na baadhi yao wamezaa watoto ambao nao hawajui kwao kwingine.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, na kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa Mkutano wa Wakuu wa Nchi wenyewe ulihusika. Mkataba wa Amani wa Arusha kuhusu Burundi, ambao mazungumzo yake yalisimamiwa na Mwalimu Julius Nyerere hadi kifo chake Oktoba 1999, kisha yakakamilishwa chini ya Nelson Mandela na kutiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliweka wazi kwamba hakuna mtu atakayekuwa Rais kwa zaidi ya mihula miwili. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja, lakini ikaruhusu, kama jambo la pekee, Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito achaguliwe na wabunge na maseneta. Pierre Nkurunziza aliingia madarakani Agosti 2005 kwa njia hiyo ya bunge, akachaguliwa na wananchi mwaka 2010, na tarehe 25 Aprili 2015 chama chake cha CNDD-FDD kikamteua tena, kwa hoja kwamba muhula wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa haukutokana na kura ya wananchi wote. Maandamano yalianza Bujumbura siku iliyofuata. Mapema mwezi Mei Mahakama ya Katiba iliikubali hoja hiyo, wakati makamu wa rais wa mahakama yenyewe alikuwa amekimbia nchi.

Katika wiki hizo wakimbizi walishuka milimani hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, kisicho na barabara ya gari wala gati. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilolitumia kwa haja nyingine zote, na kipindupindu kikaua watu wasiopungua 30 kabla ya mwezi Mei kwisha. Meli ya MV Liemba ilisimama majini, mitumbwi ikawa inapeleka watu kidogo kidogo hadi ubavuni mwake, kisha ikawabeba kwa mamia hadi Kigoma mjini, ambako walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupakiwa kwenye mabasi ya kwenda Nyarugusu. Kambi hiyo ilipofurika, ile ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015, na ya Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, ikafuata Januari 2016. Idadi ya Warundi waliohifadhiwa Tanzania ikavuka 200,000. Ikumbukwe kwamba kambi ya Mtabila, hapohapo Kasulu, ilikuwa imefungwa Desemba 2012 na wakazi wake kurejeshwa Burundi, hivyo baadhi ya waliofika mwaka 2015 walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili au ya tatu, wakipita njia wanazozifahamu na kuteremka kwenye ardhi waliyokwisha kuilima.

Mkutano wa Wakuu wa Nchi ulikaa Dar es Salaam tarehe 13 Mei 2015, siku ambayo jaribio la mapinduzi lilitangazwa Bujumbura wakati Rais wa Burundi yuko mkutanoni, na ukakaa tena tarehe 31 Mei. Uliomba uchaguzi usogezwe mbele kwa muda usiopungua mwezi mmoja na nusu. Kuhusu muhula wa tatu wenyewe, uliokuwa kiini cha mgogoro, tamko lake lilinyamaza. Tarehe 6 Julai Mkutano ulimteua Rais Yoweri Museveni kuwa msuluhishi. Uteuzi huo haukuwa wa busara, kwa kuwa Uganda ilikuwa imekwisha kufuta ukomo wa mihula katika katiba yake mwaka 2005, na msuluhishi hana namna ya kumwambia mwenzake neno ambalo nchi yake mwenyewe imelifuta. Uchaguzi ulifanyika tarehe 21 Julai, na Nkurunziza akatangazwa mshindi.

Baadhi ya asasi za kiraia zilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, chombo kinachotafsiri Mkataba wa Jumuiya, zikidai kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi ulikiuka misingi ya utawala bora na utawala wa sheria ambayo kila nchi mwanachama iliikubali. Shauri lilifunguliwa Julai 2015, likatupwa na Kitengo cha Awali, likarudishwa na Kitengo cha Rufani, likatupwa tena, na hatimaye tarehe 25 Novemba 2021 Kitengo cha Rufani kikaamua kwamba uamuzi ule ulikiuka Mkataba. Hukumu hiyo ni ya kuheshimiwa. Ilitoka miaka sita baada ya uchaguzi, na miezi 17 baada ya Nkurunziza kufariki akiwa bado Rais, tarehe 8 Juni 2020. Haki iliyochelewa kiasi hicho haikumrudisha kwao mkimbizi hata mmoja wa Nduta, wala haikurudisha mti hata mmoja uliokatwa kwa kuni kandokando ya Makere.

Suala la kuni linaonyesha jinsi uamuzi wa ikulu ya mbali unavyoingia jikoni. Mgao, yaani chakula kinachogawiwa wakimbizi kwa kipimo cha kila kichwa, kwa miaka mingi umekuwa unga wa mahindi, mafuta, chumvi na njegere kavu za manjano, ambazo huchelewa kuiva na hula kuni nyingi kuliko maharage ya Kasulu. Mwanamke wa kambini hulazimika kutafuta kuni nje ya uzio wa sheria, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na taratibu zake humzuia kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mwanamke wa kijijini naye anakuta pori alilozoea limekwisha, na hutembea mbali zaidi kila mwaka. Wanakutana huko porini, mmoja akiwa na hofu ya kukamatwa na mwingine akiwa na hasira ya mwenye shamba, ilhali Kiha cha mmoja na Kirundi cha mwingine vinasikilizana karibu neno kwa neno. Masoko ya pamoja, ambayo yaliwaruhusu wanakijiji kuuza mihogo, ndizi na mawese na wakimbizi kuuza sehemu ya mgao wao, yalikuwa yamejenga aina ya ujirani, lakini yalifungwa, na hasara ikagawanywa pande zote mbili. Januari 2017 serikali ilisitisha utambuzi wa jumla, yaani utaratibu wa kumkubali kila Mrundi aliyevuka mpaka kuwa mkimbizi bila kumhoji mmoja mmoja. Mwaka 2023, wafadhili walipopungukiwa fedha, mgao ulishushwa hadi nusu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka mingi mzigo wa Kigoma umeonekana mwepesi kwa wasioubeba.

Haki inadai kusema pia kwamba si kila wimbi la wakimbizi lilitokana na mtu kung'ang'ania kiti. Mauaji ya mwaka 1972 yalikuwa na mizizi mingine, na mwaka 1993 ilikuwa kinyume kabisa, kwa kuwa Warundi waliokimbilia Kibondo na Kasulu walikimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa miezi michache tu nyuma, kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba. Hoja ya barua hii ni finyu zaidi, nayo ni kwamba kati ya sababu zote za ukimbizi katika kanda hii, hii ya muhula wa ziada ndiyo inayoonekana mapema kuliko zote, kwa tarehe inayojulikana, na ndiyo ambayo mtu mmoja anaweza kuizuia kwa kukataa kujaza fomu ya kugombea.

Inapofika hapo huzuka mjadala kuhusu umri. Wako wanaosema tatizo ni uzee, na kwamba dawa ni ukomo wa umri, yaani sharti la katiba linalomzuia mtu aliyepita miaka fulani kugombea urais. Uganda ilikuwa na sharti hilo: Katiba yake ya mwaka 1995 ilitaka mgombea awe na umri wa miaka 35 hadi 75. Ukomo wa mihula ulipoondolewa mwaka 2005, ukomo wa umri ukabaki kama kufuli la mwisho, na Desemba 2017 nalo likaondolewa na Bunge, baada ya vurugu za mwezi Septemba ambapo maafisa wa usalama waliingia ukumbini na kuwatoa wabunge. Mahakama ya Juu iliyabariki mabadiliko hayo Aprili 2019 kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Rais Museveni, aliyezaliwa mwaka 1944 na kushika madaraka Januari 1986, akagombea mwaka 2021, na akagombea tena Januari 2026 akiwa na umri wa miaka 81. Ni yeye ambaye mwaka 1986 alieleza kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wanaokaa madarakani kupita kiasi. Baadaye alifafanua kwamba aliwakusudia wanaokaa bila kuchaguliwa. Ufafanuzi huo unapaswa kupimwa kwa uzito, kwa kuwa ndio kiini cha hoja ya upande wa pili: kama wananchi wanamtaka mzee wao, nani awazuie?

Jibu linapatikana katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba uchaguzi ambao mgombea mmoja ameondoa kizuizi chake mwenyewe kabla ya kuingia si sawa na uchaguzi mwingine, na Warundi waliokuwa wamelala Nyarugusu tarehe 21 Julai 2015 hawakuwa na sanduku la kura mbele yao. La pili ni kwamba umri peke yake hautoshi kuwa kipimo. Nkurunziza alikuwa na miaka 50 tu alipoisukuma Burundi kwenye muhula wa tatu, na alifariki akiwa na miaka 55. Kwa upande mwingine, wapo wazee wa miaka 80 wenye akili timamu na busara ambayo nchi haina budi kuitumia, kwa kuwa penye wazee hapaharibiki neno. Kinachozeeka kwa hatari ni ukaaji wenyewe. Kadiri mtu anavyokaa, ndivyo wanaomzunguka wanavyokuwa na cha kupoteza akiondoka, na ndivyo ugonjwa wake unavyogeuzwa siri ya dola. Hatimaye hata akitaka kupumzika, wao humkatalia. Kwa hiyo kufuli lenye maana ni ukomo wa mihula, likifungwa mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kulifungua peke yake.

Wako pia wanaotoa hoja ya mila. Husema kwamba katika Buha ya kale, yaani nchi ya Waha kabla na wakati wa ukoloni, Mwami wa Heru, wa Muhambwe au wa Buyungu alitawala hadi kufa, na watwale, yaani watawala wadogo waliokuwa chini yake, hawakumwekea muhula. Hilo ni kweli, na majina ya Muhambwe na Buyungu yalikuja kupewa majimbo ya uchaguzi. Lakini Mwami hakuapa kulinda katiba yenye ukomo, wala hakuomba kura. Aliyeapa na kuomba amejifunga kwa masharti mengine. Utawala wa jadi wenyewe ulifutwa na Tanganyika huru mwaka 1963, na hakuna anayeutumia kama hoja isipokuwa pale unapomsaidia aliyeko kitini.

Jumuiya hii haina uhaba wa mifano mizuri. Tanzania iliingiza ukomo wa mihula miwili katika katiba yake kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na Mwalimu Nyerere akang'atuka urais mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 63. Ali Hassan Mwinyi aliondoka mwaka 1995 akiwa na miaka 70, akaishi hadi Februari 2024 kama mzee wa taifa anayeheshimiwa na kila mtu. Daniel arap Moi, baada ya miaka 24, aliondoka mwaka 2002 kwa sababu katiba ya Kenya ilimtaka aondoke, na nchi haikuanguka. Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi katika siku zilezile za Kagunga, alikabidhi madaraka Novemba 2015 bila kumsumbua mtu. Vishawishi navyo havikukosekana, kwani mwaka 2017 mbunge mmoja wa Tanzania alitaka muhula wa Rais uongezwe kutoka miaka mitano hadi saba, na Rais John Magufuli akaikataa hoja hiyo hadharani Januari 2018.

Mfano ulio karibu kabisa na Kasulu ni wa Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia Machi 2021 hadi 2025, mzaliwa wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu. Januari 2025, katika Mkutano Mkuu wa CCM uliofanyika Dodoma, ilitangazwa kwamba ameomba mwenyewe kupumzika, na Dkt. Emmanuel Nchimbi akapitishwa kuwa mgombea mwenza badala yake. Mpango alikuwa na umri wa miaka 67, na hakuna katiba iliyomlazimisha. Makamu si Rais, na kishawishi cha makamu ni kidogo. Hata hivyo katika vijiji vya Buhigwe na Kasulu, ambako watu wameona kwa macho gharama ya wasioomba kupumzika, tendo lile lilistahili kutazamwa kwa heshima kubwa kuliko lilivyotazamwa.

Suala hili halijapita. Burundi iliongeza muhula wa Rais kuwa miaka saba kwa kura ya maoni ya Mei 2018. Rwanda ilibadili katiba mwaka 2015. Sudan Kusini imeahirisha uchaguzi wake mara kwa mara. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, Rais Félix Tshisekedi alianzisha Kisangani, Oktoba 2024, mjadala wa kubadili katiba, na kila anayeishi karibu na Ziwa Tanganyika anafahamu mjadala wa namna hiyo huishia wapi ukiachwa bila mwamuzi. Afrika Magharibi iliwahi kulijaribu jambo hili kwa pamoja: Mei 2015, katika mkutano wa ECOWAS mjini Accra, pendekezo la kupiga marufuku zaidi ya mihula miwili katika nchi zote wanachama lilijadiliwa, likaachwa kwa sababu ya upinzani wa Gambia na Togo. Lilishindwa kwa upinzani wa wachache waliokuwa na maslahi nalo, na hilo ni onyo kuhusu namna ya kuliandaa.

Kwa hiyo Waheshimiwa Wakuu wa Nchi wanaombwa kuikamilisha Itifaki ya Utawala Bora, yaani makubaliano ya nyongeza yanayoufafanua Mkataba wa Jumuiya, ambayo rasimu yake imekaa miaka mingi bila kupitishwa, na kuweka ndani yake kifungu kisemacho kwamba hakuna Rais atakayenufaika na badiliko lolote la ukomo wa mihula au wa umri lililofanywa akiwa madarakani. Wanaombwa pia kuipa Mahakama ya Afrika Mashariki utaratibu wa dharura, ili shauri linalohusu haki ya mtu kugombea urais liamuliwe kabla ya siku ya kupiga kura. Bunge la Afrika Mashariki linaombwa kutuma wabunge wake Makere, Kumhasha na Mabamba, wakawasikilize wenyeji na wakimbizi kabla ya rasimu kurudi mezani. Na yule miongoni mwa Waheshimiwa ambaye mihula yake imekwisha au nguvu zake zimepungua, anaombwa na watu wasioweza kumpigia kura wala kumnyima, asichukue fomu.